Honi ya treni ikilia anakimbilia mlangoni

BARUA

Shikamoo Anti,

Nakuandikia usiku huu nikiwa wodini. Mtoto yuko kifuani, nimemfunga kwa kitenge, kwa hiyo naandika kwa kidole gumba kimoja. Ukikuta makosa unisamehe.

Nina miaka 27, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, anatokea Kibirizi. Mimi naanika dagaa na kuuza mawese kidogo kidogo. Tuna watoto wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka mitano, yuko chekechea. Wa pili ni huyu wa kiume niliye naye hapa.

Mimba ilikuwa ya wiki 30. Jumapili jioni nilimsuka binti yangu nywele kwa ajili ya shule, tukalala. Usiku alikuwa ananirukiarukia tumboni kama kawaida yake, nikamkemea, nikamwambia utamuumiza mtoto. Alfajiri chupa ikapasuka. Niliondoka na bajaji yeye akiwa amelala, sikumuaga. Hii ni wiki ya sita, na tangu siku ile sijalala nyumbani.

Mtoto alizaliwa na gramu 1,250, akashuka hadi 1,120. Akawekwa kwenye mashine ya kusaidia kupumua, ile yenye mapovu ya maji. Akapata manjano, akalazwa chini ya taa ya bluu amefunikwa macho. Manjano yalipopungua wakasema ana maambukizi kwenye damu, akachomwa sindano siku kumi. Kuna usiku mmoja alisahau kupumua mara tatu, nesi anamkuna unyayo, ndipo anavuta pumzi. Anti, usiku ule nilizeeka. Lakini sasa namshukuru Mungu. Mashine wameitoa, maziwa yangu anakunywa kwa kikombe na mengine yanapita kwenye mpira wa puani, ameanza kujaribu kunyonya, na juzi kwenye mizani alikuwa gramu 1,480. Daktari anasema anaendelea vizuri ila tarehe ya kutoka hawezi kunipa. Wiki mbili, tatu, labda zaidi.

Shida yangu ni dada yake. Anakaa kwa wifi yangu, mwenye watoto wake wawili na genge la nyanya. Watoto hawaruhusiwi kuingia wodi hii. Siku zile za kwanza, tukiwa hatujui kama mtoto ataishi, mume wangu na wifi walimwambia mama amepanda treni, amekwenda Dar es Salaam, atarudi. Nikakubali, sikuwa na nguvu ya kubishana. Sasa wifi ananiambia treni ikipiga honi kuingia stesheni, mtoto anaacha anachofanya, anakimbilia mlangoni. Anasimama pale mpaka watu wenye mizigo wanapoisha kupita. Kisha anarudi ndani kimya.

Ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Na zile nywele nilizomsuka hataki ziguswe. Zimejaa vumbi, zimeshikana, mwalimu amelalamika mara mbili. Wifi alipojaribu kuzifumua alimng'ata mkono.

Nimekwenda kumwona mara moja tu, wiki iliyopita. Nilimwachia mtoto mama wa kitanda cha jirani, nikachukua bodaboda. Nilijua atanirukia. Alinitazama, akasema "Shikamoo" kama anavyowasalimia wageni, akaenda kusimama nyuma ya wifi. Nilipoaga hakulia. Hilo ndilo limenimaliza.

Mama mkwe yuko Kasulu. Anasema mjukuu apelekwe kwake mpaka nitakapomaliza na huyu mwingine, na mume wangu amekubali, anataka kumpeleka Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye usiku yuko ziwani, mchana amelala, mbalamwezi tu ndiyo tunamwona. Huyu mdogo hajawahi kumshika, anasema mikono yake ni ya nyavu, atamvunja. Fedha nazo hazipo, akiba yote tuliila ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu. Jirani yangu ananishauri nilale nyumbani, nishinde huku. Nesi mmoja ananiambia kifua cha mama hakina mbadala, nikiondoka mtoto atashuka uzito.

Nikibaki hapa nampoteza mkubwa. Nikienda kule nampoteza mdogo. Na usiku nawaza kwamba yote haya nimeyaleta mwenyewe, maana nilibeba ndoo za dagaa mpaka siku ya mwisho. Anti, nichague yupi?

*Mama wa Wawili, Kigoma*

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hongera. Hongera hiyo ni ya gramu 360 zilizopatikana tangu mtoto aliposhuka, kwa maziwa uliyokamua mwenyewe, usiku na mchana, katika wodi ambayo kila mama anasikiliza pumzi ya mwanawe.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Ninavyoielewa, mdogo amevuka hatari nyingi na sasa anajifunza kunyonya na kunenepa, kazi inayokwenda polepole na haina tarehe. Mkubwa ameondokewa na mama bila kuagwa, akaambiwa habari isiyo ya kweli, na mwili wake umeanza kusema yale ambayo mdomo haujui kuyasema. Wewe uko katikati, na kila anayekupenda ana pendekezo lake: mkwe anataka Kasulu, jirani anataka ulale nyumbani, nesi anataka usitoke. Hakuna kati yao anayekutakia mabaya.

Nianze na ile "Shikamoo", kwa sababu umesema ndiyo iliyokumaliza. Umeisoma kama dalili kwamba ameshakutoa moyoni. Mimi naisoma vingine. Miaka ya 1950 huko Uingereza, James Robertson na John Bowlby walichunguza watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao, hasa waliolazwa hospitali enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra tu. Waliona kwamba kwanza mtoto analia na kumdai mama. Baadaye analegea, ananyamaza, anakosa hamu. Mwisho anaonekana ametulia, anacheza, anakula, na mama akija anamtazama kama mtu baki. Watu wazima waliokuwa pale walisema amezoea. Wale wawili wakasema hapana, huyu anajikinga. Amesubiri mpaka kusubiri kumekuwa na maumivu, kwa hiyo mlango ameurudisha, ila hakuufunga kwa ufunguo. Mtoto aliyekusahau hawezi kukimbilia mlangoni kila treni inapolia.

Wala asingezilinda zile nywele. Fikiri kidogo juu ya nywele hizo, mwanangu. Vidole vyako ndivyo vilivyopita humo mara ya mwisho, Jumapili ile, kabla dunia yake haijabadilika. Wifi anaona uchafu, mwalimu anaona uzembe, na wote wawili wanaona sawasawa. Lakini yeye anajua kwamba zikifumuliwa, kitu cha mwisho kilichofungwa na mama kitakuwa kimefunguliwa na mtu mwingine. Ningekuwa karibu na wifi yako ningemwomba asizifumue kwa nguvu. Amfunge kilemba safi, amwandikie mwalimu maneno mawili ya kumweleza hali ya nyumbani, na aziache.

Sasa treni. Nawaelewa mumeo na wifi. Siku ambazo hamjui kama kitoto kitaamka, nani ana ujasiri wa kumweleza mtoto wa miaka mitano? Walimficha kwa huruma. Ila angalia uongo huo umemfanyia nini: umempa kituo cha kusubiri, na kila treni inamkana upya. Tena ulipokuja kwa bodaboda, ukakaa kidogo ukaondoka, hadithi ya Dar es Salaam ikavunjika na hakuna aliyempa nyingine. Labda ndiyo maana alikusalimia vile. Alikuwa hajui wewe umetoka wapi.

Na kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja, ukapita. Usiku ule alikurukia tumboni, ukamwambia atamuumiza mtoto. Alipoamka hukuwapo. Mtoto wa umri wake huunganisha mambo kwa namna yake: nilifanya kosa, nikakemewa, kesho yake mama akaondoka, na habari za mtoto hakuna anayezitaja mbele yangu. Sisemi kwa hakika kwamba ndivyo anavyowaza. Nasema watoto wengi wa miaka hiyo huwaza hivyo na hawamwambii mtu. Inafaa kumwondolea mzigo huo hata kama huna uhakika kwamba anaubeba.

Ukweli wa kumpa ni mfupi. Unaweza kumwambia hivi: "Mdogo wako alitoka tumboni mapema, kabla hajamaliza kukua. Si wewe uliyemuumiza, si mimi, si mtu yeyote. Yuko hospitali, hapa hapa Kigoma, anajifunza kupumua na kunyonya. Mimi ndiye ninayemtia joto. Sikwenda Dar. Walikwambia hivyo kwa sababu waliogopa, na mimi nilikosea kutokuaga." Ongeza na jina la mdogo wake. Akikuuliza kama atakufa, usimwahidi usichokijua. Mwambie alikuwa anaumwa sana, sasa anapata nguvu, na madaktari wanamwangalia. Atakuuliza maswali hayo hayo mara kumi. Mjibu mara kumi. Baadhi ya wazee watasema mtoto haambiwi mambo haya. Nawaheshimu, lakini binti yako mambo haya anayo tayari, ameachiwa kuyabeba peke yake.

Na wewe je? Umeandika kuhusu ndoo za dagaa. Kuzaa kabla ya wakati kuna sababu nyingi: maambukizi, shinikizo la damu, malaria, mapacha, mimba zilizofuatana kwa karibu mno, na mara nyingi wataalamu wanachunguza na hawaioni hata moja. Muulize daktari wako, tena kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, kwa sababu wewe anakujua na mimi sikujui. Ila fahamu kwamba mama atakayemwambia binti yake "si wewe" anastahili kuambiwa hivyo naye.

Nirudi kwenye swali lako, nichague yupi. Swali hilo limejengwa juu ya sharti moja, kwamba mwili uliopo ni mmoja tu, wako. Nesi aliyekuambia kifua cha mama hakina mbadala anaongea kitu cha kweli, maana maziwa ni yako na mtoto anaijua sauti yako tangu tumboni. Lakini joto si la mama peke yake. Njia hii ya kangaruu, ya kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwenye hospitali iliyokuwa na mashine chache za kutunzia watoto njiti kuliko watoto wenyewe. Daktari Edgar Rey Sanabria akaamua mama awe ndiye mashine. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, tangu mwongozo wake wa mwaka 2022, kwamba mtoto njiti akae ngozi kwa ngozi kati ya saa 8 na 24 kwa siku, kwa kadiri inavyowezekana. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba watoto wadogo sana waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri watulie kwanza, walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa. Na katika uchunguzi huo akina mama hawakuachwa peke yao. Kila mama alichagua ndugu wa kumpokea: apumzike, aoge, ale, alale.

Wewe umemchagua nani? Wifi yako ana kifua. Mume wako anacho pia, tena kipana. Anasema mikono yake ni ya nyavu, na mimi naisikia hofu ndani ya kauli hiyo kuliko kukataa. Mtu anayeweza kufumua wavu uliojikunja gizani bila kukata uzi ana mikono ya subira. Mtoto hashikwi kwa vidole, anafungwa kifuani wima kama chura, miguu imekunjwa, kichwa kimegeuzwa upande, kitenge kimekazwa vizuri, na nesi anasimama pembeni mara ya kwanza. Aoge vizuri, avue shati, akae. Akiwa na mafua au kikohozi asimshike, asubiri mpaka apone. Kuna wodi ambazo wanaume hawaingii kwa sababu ya staha ya akina mama wengine, na hilo lina maana yake. Muulize nesi msimamizi kama kuna saa maalumu, pazia au chumba cha pembeni. Na wakati wake umeshanitajia mwenyewe bila kujua. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, naye anabaki nchi kavu. Siku hizo chache za kila mwezi zinaweza kuwa zake na mwanawe.

Saa mbili tatu za mumeo au wifi ndizo zinazokupa njia ya kwenda Mwanga. Naona hapo kuna mahali pazuri kati ya "kutotoka kabisa" na "kulala nyumbani kila siku". Kulala nyumbani kila usiku kuna hatari ambazo sitakuficha. Mtoto anayelishwa kila baada ya saa mbili au tatu atahitaji maziwa yaliyokamuliwa na mtu makini wa kumlisha usiku kucha, wewe utaamka matiti yamejaa au yameanza kukauka, na kama aliwahi kusahau kupumua, usiku ndio wakati ambao hutataka awe mbali na jicho la mtu. Kwa upande mwingine, jirani yako ameona kitu ambacho wewe umekizoea: mama asiyelala wiki sita naye anaisha. Ziara fupi za mchana zina hatari ndogo zaidi, mradi ukamue kabla ya kuondoka, uwaulize manesi maziwa yatunzwe vipi kwenye joto hili la Kigoma, ubadilishe nguo na kunawa hadi viwiko ukirudi, na usimwache mtoto kwa mama wa kitanda jirani bila nesi kujua. Najua ulifanya hivyo kwa shida. Ila mama yule ana wake wa kumsikiliza pumzi.

Ziara hizo ziwe na siku zake, hata kama ni mbili tu kwa wiki. Mtoto anaweza kuvumilia mama wa Jumatano na Jumapili kuliko mama anayeweza kutokea wakati wowote au asitokee. Na kila ukiondoka, muage. Akilia, alie. Siku atakayolia ukiaga, usifikiri umeharibu, mlango utakuwa umeanza kufunguka. Kati ya ziara, mpigie simu saa ile ile kila jioni. Akikataa kuongea, wifi aweke sauti ya juu, wewe ongea tu.

Kuhusu Kasulu sitakuambia umpeleke wala usimpeleke. Mkwe wako ananyoosha mkono, na kwa bibi kuna wajukuu wenzake, kuna uji wa asubuhi na mtu mzima ambaye hakimbilii gengeni. Kwa mtoto mwingine, wakati mwingine, hiyo ingekuwa nafuu tupu. Ninachokiogopa ni namna atakavyoielewa safari hiyo sasa: mama ameondoka, kisha na mimi nimeondolewa, nyumba imebaki ya yule mtoto. "Mpaka utakapomaliza na huyu mwingine" ni maneno ambayo bibi ameyasema kwa wema, lakini nisingependa mtoto ayasikie. Halafu kuna chekechea, na baba yake ambaye angalau anamwona akilala mchana.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi hiyo kaa na mumeo, hata kama ni kwenye benchi la nje ya wodi, muulizane mambo kadhaa. Wifi amechoka kiasi gani kweli? Labda yeye ndiye aliyeomba kupumzishwa na anaona haya kukwambia. Bibi anaweza kuja mjini wiki mbili badala ya mtoto kwenda? Kutoka Kasulu si mbali, na huenda hakuna aliyemwomba. Na kama ikibidi aende, je, mnaweza kungoja mpaka awe ameambiwa ukweli na wewe mwenyewe, awe amepelekwa na baba yake, na awe na alama ya kurudi anayoweza kuiona kwa macho? Wiki na tarehe hazijui. Mwezi anaujua, maana baba yake akibaki nyumbani ndipo mwezi umejaa. Mwambie mwezi ukijaa baba atakuja kukuona. Hiyo ni ahadi mnayoweza kuitimiza. "Mdogo wako atakuwa ametoka hospitali" si ahadi yenu kutoa, hata daktari hajaitoa.

Wodi yenyewe, watoto hawaingii, na sababu ni maambukizi ambayo wewe umeshayaonja. Usigombane na sheria hiyo. Lakini hospitali ina mwembe, ina benchi, ina dirisha. Wengine huruhusu mtoto mkubwa amwone mdogo kupitia kioo. Na picha ya simu haikatazwi. Mwonyeshe mkono wa mdogo wake ukiwa umeshika kidole chako, aone udogo wake. Mpe na kazi: wifi amfunge mwanasesere au chupa ya maji ya uvuguvugu kwa kanga, amlee kwa kangaruu huko huko nyumbani. Usishangae akimtupa siku ya kwanza. Kukojoa kitandani nako asikemewe wala asitaniwe na binamu zake. Kwa kawaida huisha yenyewe mambo yakitulia, na isipoisha mwezi mmoja au miwili baada ya wewe kurudi, mpeleke apimwe mkojo.

Fedha sina za kukupa, lakini kuna mlango ambao wengi hawaugongi. Muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Kwa sera ya afya ya nchi yetu, huduma za watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hazipaswi kulipiwa, na pale unapoambiwa ununue kitu, yeye ndiye wa kumweleza hali yenu. Mweleze na habari za huyu mkubwa. Ni kazi yake pia.

Mkikaribia kuruhusiwa, waombe wakufundishe dalili za kukurudisha mbio: kukataa kunyonya, kupumua haraka mno au mbavu kuzama, mwili kuwa baridi au wa moto, degedege, manjano kurudi. Uliza pia siku ya kumpima macho na masikio, maana watoto waliozaliwa mapema hivi huhitaji hilo.

Ziara yako ijayo, nenda na kitana na mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi. Usimwambie umekuja kumfumua. Kaa chini kwenye mkeka, uvue viatu, uweke kitana pembeni yako, umweleze ile habari ya mdogo wake kwa maneno machache. Huenda akabaki nyuma ya wifi muda wote. Huenda saa yako ikaisha hajasogea, ukaaga, ukapanda bodaboda na kitana hakijaguswa. Basi kiache pale pale kwenye mkeka, mwambie hiki ni chetu, nitakikuta Jumapili. Na akisogea, akikuwekea kichwa magotini, anza na msuko mmoja tu wa pembeni, umfumue taratibu, uupake mafuta, kisha uusuke tena ule ule.

Uniandikie ilivyokuwa.